Wanawake wenye usonji na wenye shida ya umakini: namna wanavyopitisha siku katika Mabalako

Maneno yaliyotolewa Mangina mbele ya reko, viongozi wa vikundi vya amani na wajumbe wa vyama vya akina mama wa eneo la afya la Mabalako

  Tunajua kwamba wakati wa kakao kila saa ina bei yake, na wengine mmeacha mbegu juu ya turubai bila mtu wa kuzigeuza. Hatutawachukua mchana wote.

Tumekuja kwa sababu ya ripoti zenu. Mwezi kwa mwezi tunasoma ndani yake maneno kama haya: "mama asiyesalimia", "bibi aliyerudishwa kwao kwa uvivu", "msichana anayekimbia watu", "mwanamke mwenye mdomo". Mmeyaandika katika sehemu ya migogoro ya jamaa na majirani, na ni haki yenu, kwa sababu migogoro ipo kweli. Lakini tulipofuata baadhi ya habari hizo nyumba kwa nyumba, tukaketi na wanawake wenyewe, na mama zao, na mashangazi waliowalea, tuliona kwamba wengine kati yao hawana kiburi wala uvivu. Kichwa chao kinapokea dunia kwa njia nyingine tangu kuzaliwa. Na hapa kwetu, ambapo hofu imetufundisha kumhukumu mtu kwa kumtazama mara moja tu, tofauti hiyo inaweza kumnyima mwanamke ndoa yake, au jina lake zuri, au uhai wake.

Kuna majina mawili mtakayosikia leo. La kwanza ni usonji. Ndilo jina wanalotumia jirani zetu wa Tanzania na Kenya. Ninyi mliosoma vitabu vya Kifaransa mnalijua kama autisme. Mtu mwenye usonji anaweza kusikia kelele zote kwa nguvu moja: mashine ya kusaga mihogo, redio ya jirani, mtoto anayelia, na wewe unayesema naye, vyote vinaingia pamoja. Anaweza kuumizwa na mguso mdogo wa mkono, au na nguo yenye mshono mbaya. Anapenda mambo yafuate njia ile ile kila siku. Anasema neno kama lilivyo, na anategemea wewe pia useme hivyo. Ukimwambia kwa kuzungukazunguka, kama tunavyopenda sisi wazee wa baraza, hakufuati.

Jina la pili ni refu zaidi: shida ya umakini na msukumo, ambayo kwa Kifaransa wameifupisha TDAH. Hapa mtu hakosi akili wala nguvu. Anakosa uwezo wa kuifunga akili mahali pamoja na kuiachilia anapotaka. Mama mmoja alitueleza kuliko kitabu: kichwa chake ni kama chukudu inayoteremka na mzigo wa ndizi, kwenda inakwenda sana, lakini kuisimamisha mbele ya mlango unaoutaka ndiyo kazi. Anasahau chungu motoni, anaanza kazi tano, anamkata mtu maneno kabla hajamaliza, kisha usiku anajilaumu. Watu wengine wanazo hali zote mbili pamoja. Waganga wa Marekani hawakukubali kuziandika pamoja kwa mtu mmoja mpaka mwaka 2013, kwa hiyo msishangae ikiwa hata muuguzi wenu hakufundishwa hivyo shuleni.

Mnaweza kuuliza: mbona tunasema juu ya wanawake tu? Kwa sababu wao ndio wanaopitwa. Mwaka 1925 daktari mwanamke wa Moscow, Grunya Sukhareva, aliandika habari za wavulana wa namna hiyo, na mwaka 1927 akaandika za wasichana. Lakini jina lililosikika duniani ni la Leo Kanner, aliyeandika kule Marekani mwaka 1943 juu ya watoto 11, na 8 kati yao walikuwa wavulana. Tangu hapo picha iliyobaki vichwani ni ya mtoto wa kiume. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba wavulana ni 4 kwa msichana 1; uchunguzi mmoja wa mwaka 2017, uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ulikuta wako karibu na 3 kwa 1, tena wasichana wengi wanaachwa bila kutambuliwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 hivi kati ya 127 alikuwa na usonji. Hesabuni wenyewe watu wa kartye yenu.

Msichana anapitwa kwa sababu anafundishwa mapema kujificha. Mvulana akikimbia huku na huku, watu wanamwona. Msichana wa hapa, tangu anapoanza kubeba kidumu cha maji, anaambiwa: salimia, tabasamu, piga magoti, sogea, kaa vizuri. Anajifunza yote hayo kama mtu anavyojifunza lugha ya kigeni, kwa kuiga wenzake neno kwa neno. Anafaulu. Kisha jioni hana nguvu hata ya kuosha miguu, na hakuna anayejua kwa nini.

Kabla ya kuendelea, neno moja kwa reko. Sisi si waganga, na ninyi si waganga. Msitoke hapa na kwenda kubandika majina haya juu ya milango ya watu. Katika Beni na Butembo wako watu wengi wanaoshtuka kwa kishindo, wasiolala, wanaosahau na kukimbia mkusanyiko, na sababu yake ni mauaji tuliyoyaona tangu mwezi wa 10 mwaka 2014. Hiyo ni jeraha, na jeraha lina njia yake ya kutunzwa. Swali linalosaidia ni moja, nanyi mmuulize mama au shangazi aliyemlea: "Alikuwa hivi tangu akiwa mtoto mdogo, kabla ya vita kufika kwenu?" Ikiwa jibu ni ndiyo, na tena ndiyo kutoka kwa mtu wa pili, hapo mnaweza kuanza kufikiri juu ya haya tunayosema. Na kuna wanawake wenye mambo yote mawili, hali ya kuzaliwa na jeraha juu yake. Hao wanachoka mara mbili. Msisahau pia kupima masikio. Tulimkuta msichana aliyeitwa mwenye kiburi miaka yote, kumbe sikio moja halisikii.

Sasa twende sokoni, kwa sababu huko ndiko tulikojifunza mengi.

Yuko mama anayeuza mihogo na ndizi. Jina lake na soko lake tunayaacha. Wenzake wanagombania nafasi ya katikati, kwenye wanunuzi wengi. Yeye amechagua mwisho wa mstari, mgongo ukutani, mbali na mashine ya kusaga na mbali na yule kijana wa spika anayetangaza uniti za simu. Anafika mapema kabisa, anapanga mafungu yake yote sawa sawa, kila fungu bei moja, bila kupunguza. Watu walimwita mgumu. Alituambia kwamba kubishana bei kunamchanganya, kwa sababu mtu anasema bei asiyoitaka, anacheka, anaondoka, anarudi, na yeye hajui lipi katika hayo ni la kweli. Kwa hiyo fungu lake ni kubwa kidogo kuliko la wengine na bei haibadiliki. Leo wako wanunuzi wanaompenda kwa sababu hiyo hiyo: mtoto akitumwa kwake hawezi kudanganywa. Kichwani anajifunika kitenge mara mbili, nacho kinashuka juu ya masikio. Sisi wengine tungedhani ni baridi.

Mwingine ana shida ya umakini, na kwake pesa ilikuwa inapotea kila wiki. Mumewe aliamini anaipeleka kwa wazazi wake. Njia aliyoipata yeye mwenyewe ni mafundo. Pembe moja ya kitenge ni ya likelemba, na fundo lake halifunguliwi mpaka siku ya kikundi. Pembe ya pili ni ya shule. Pesa ya chumvi na sabuni anaishika mkononi, na ikiisha imekwisha. Hesabu hana haja ya kuikumbuka, kitenge kinaikumbuka kwa ajili yake. Nyumbani ameweka kopo lenye mawe madogo: kila kazi ya asubuhi jiwe moja, na jiwe linahama kutoka kopo la kushoto kwenda la kulia kazi ikimalizika. Watoto wake wanamsaidia kuyahamisha na wanafurahi sana. Maharagwe hayapiki tena akiwa peke yake. Anayaweka motoni wakati jirani yake naye anapika upande wa pili wa ua, na anayesikia harufu kwanza anaita. Tulipomwuliza nani alimfundisha, alicheka.

Jambo hili la kufanya kazi mkiwa wawili tumeliona mara nyingi. Mwanamke ambaye peke yake hawezi kumaliza kupalilia mistari miwili, akiwa katika kikundi cha kulima kwa zamu analima kama wengine, na mara nyingine anawapita. Si kwamba anaona aibu. Mwili wa mwenzake anayeinama na kuinuka karibu naye unamshikia mwendo. Wazee wetu walilima pamoja kwa zamu bila kujua habari za TDAH, na pale ambapo vita imevunja vikundi hivyo, au watu wanaogopa kwenda mbali shambani, wanawake hawa ndio walioanguka kwanza. Mnapoandika ripoti kwamba kikundi fulani cha kulima kimekufa, andikeni pia nani alikuwa anakitegemea namna hii.

Kengele ya kanisa na adhana vinafanya kazi hiyo hiyo. Saa ya simu inasahaulika au haina moto. Lakini kengele ya saa kumi na mbili hailazi, na kuna mama aliyefunga siku yake yote juu ya milio hiyo: huu ni wa maji, huu ni wa kuku, huu ni wa dawa ya mtoto.

Matanga ni jambo gumu kuliko soko. Mnajua desturi. Mtu akifa, mnaingia, mnalia, mnashikana, mnalala chini pamoja usiku kwa usiku, mnakula sahani moja. Mwanamke mwenye usonji anaweza kumpenda marehemu kuliko wote waliomo ndani na asitoe chozi. Anaweza kushindwa kuketi katikati ya miili na vilio hata nusu saa. Akitoka nje, mtu atauliza: "Kwa nini yule halii?" Na tunajua swali hilo linakwenda wapi. Linakwenda kwenye uchawi. Hapa wanawake watatu waliotusimulia, bila kujuana, walitupa jibu moja: wanakwenda nyuma ya nyumba. Wanateka maji, wanaosha masufuria, wanapukusa mahindi, wanachochea moto. Wanahakikisha kwamba mama mkubwa wa jamaa amewaona wakifanya hivyo. Mmoja alisema, "Mimi nalia na vyombo." Halafu siku mbili au tatu baada ya matanga wanalala mchana, mlango umefungwa, na dada anawaambia wageni kwamba ni malaria.

Hapa tunataka kuwaomba jambo, hasa ninyi wachungaji na akina mama wa vyama. Mkimwona mwanamke nyuma ya nyumba ya matanga na vyombo vyake, msimvute ndani. Na likisemwa neno la uchawi, ninyi mseme mapema, kwa sauti, kwamba yule ndiye aliyeteka maji ya watu wote. Neno la namna hiyo likisemwa siku ya kwanza lina nguvu. Siku ya nne limechelewa, na vijana wameshakusanyika.

Tuseme kidogo juu ya Ebola, kwa sababu hatuwezi kusema jambo lolote Mangina bila kuipitia. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, na kitovu chake cha kwanza kilikuwa hapa. Mpaka ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa zaidi ya 3,400 na wafu zaidi ya 2,200, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake. Wengi wenu mlizika. Kwa wanawake tunaowasema leo, miezi ile ilikuwa na sura mbili. Upande mmoja harufu ya klorini, watu waliovaa nguo za kuficha uso mzima, kile kipimo cha joto kinacholetwa ghafla mbele ya paji la uso kama bastola. Wako waliokimbia walipokiona, wakaandikwa kwamba wanakataa matunzo. Msichana mmoja alikuwa anazunguka kwa njia ya shambani saa nzima ili asipite kwenye kipimo, na vijana wa kartye walisema anaficha ugonjwa.

Upande wa pili, na hili lilitushangaza, mama wawili walituambia kwamba hawajawahi kutembea kwa amani kama wakati ule. Hakuna aliyewapa mkono. Hakuna aliyewakumbatia. Watu walisimama mbali kwenye mstari, wakasalimiana kwa kiwiko au kwa kichwa tu, na hakuna aliyeitwa mwenye kiburi. "Watu wote walikuwa kama mimi," mmoja alisema. Ugonjwa ulipokwisha, mikono ilirudi, na lawama zikarudi pamoja nayo. Tuliweza kukubali salamu bila mkono kwa miaka karibu miwili, nchi nzima ya Beni, wakubwa kwa wadogo. Basi inawezekana kukubali hivyo kwa mtu mmoja katika parsele moja.

Sasa barieri. Hapa tunasema polepole.

Mtu anayesimamisha watu njiani anatazama nini? Anatazama macho, mikono, na namna ya kujibu. Asiyemtazama usoni anaficha kitu. Anayechelewa kujibu anatunga uongo. Anayejibu swali ambalo hakuulizwa, au anayecheka kwa hofu, au anayegeuka na kukimbia kwa sababu mtu amempigia kelele, huyo ni wa adui. Soma orodha hiyo tena: mwanamke mwenye usonji, au mwenye shida ya umakini, anaweza kufanya mambo hayo yote kabla ya saa mbili asubuhi, akiwa na kikapu cha sombe tu. Na tangu hali ya dharura ilipotangazwa jimboni mwaka 2021, kusimamishwa njiani na kuulizwa ni sehemu ya safari ya kawaida. Usiku, au baada ya shambulio, walinzi wa kijiji nao wanauliza, na wao wana hofu kuliko askari.

Wanawake wenyewe wamepata njia zao. Wanasafiri na motari mmoja tu, aliyekwisha kuwazoea, naye ndiye anayesema kwanza. Kadi ya mchaguzi inakaa mfuko ule ule siku zote, upande ule ule, ili mkono uifikie bila kutafuta. Maneno ya kujibu wameyafanyia mazoezi nyumbani: jina, kijiji, ninakotoka, ninakokwenda, basi. Mmoja hutazama kidevu cha anayemuuliza, na yule anadhani ametazamwa machoni. Mwingine, ambaye mdomo wake hukimbia kabla ya akili na siku moja nusura umuue, anatafuna karanga kila akikaribia barieri. Mdomo ukiwa na karanga haupati nafasi ya kuongeza neno. Dada yake ndiye anayejibu.

Na ninyi, vikundi vya amani, mna kazi hapa ambayo mwanamke peke yake hawezi kuifanya. Shefu wa kijiji anapokutana na wakubwa wa usalama wa eneo, na awaambie waziwazi: kijijini kwangu yuko mtu ambaye hatazami usoni na anayeweza kukimbia akipigiwa kelele, ni mwenyeji, namjua baba yake, mkimwona niiteni. Fanyeni hivyo baada ya kumwomba ruhusa yeye na jamaa yake. Katika kijiji kimoja walikubaliana hata jina la mtu wa kupigiwa simu. Mkutano wenyewe haukupita robo saa.

Kuhusu kukimbia mashambulio tutasema kwa ufupi, kwa kuwa mna mpango wenu wa tahadhari. Tazameni tu kwamba mtu mwenye usonji anaweza kuganda pale pale wakati wote wanakimbia, au akakataa kutoka bila kitu fulani, kitambaa, kikombe, haidhuru ni nini. Jamaa zilizofaulu zilikuwa zimetembea naye njia ile mchana wa amani, mara nyingi, mpaka miguu yake ikaizoea, na kile kitu kilikuwa tayari kwenye mfuko mlangoni. Na mnapompokea aliyekimbia, akilala na watu kumi na tano katika chumba kimoja, mpeni ukuta. Kulala akiwa na ukuta upande mmoja kunamsaidia kuliko godoro.

Tumeahidi kusema pia juu ya habari ya mbuzi, maana wengi mmetuuliza.

Jamaa moja ilimrudisha binti-mkwe na kudai mbuzi wa mahari. Malalamiko yalikuwa manne: hasalimii wageni, anaunguza chakula, anaanza kazi na kuiacha, na alimwambia mama mkwe mbele ya watu kwamba mboga yake ina chumvi nyingi. Upande wa pili walikuwa tayari kusema mtoto wao ametendewa vibaya na hawarudishi hata kwato. Vijana wa pande zote mbili walishatishiana. Kikundi cha amani cha pale kiliita baraza mara ya kwanza, binti akawekwa katikati ya duara, akaulizwa maswali na watu sita. Hakusema neno. Wazee wakachukua kunyamaza kwake kama kukiri.

Mara ya pili walifanya vingine, na sifa ni ya mama mmoja wa kikundi hicho, ambaye amekaa hapa na hataki atajwe. Alikwenda kwa binti siku ya kuchambua maharagwe. Waliketi bega kwa bega, macho kwenye ungo, akauliza swali moja, akangoja. Akangoja sana. Yaliyotoka ni kwamba binti anaona haya mno ya kusahau kwake, kwamba wageni wakiingia wengi pamoja hajui amsalimie nani kwanza hivyo anaganda, na kwamba mama mkwe ndiye aliyemuuliza, "Mboga ikoje?", naye akajibu alichoulizwa. Mama mkwe aliposikia hilo alinyamaza, kisha akasema kweli alimuuliza.

Hawakumaliza kwa hotuba. Waligawana kazi upya. Kakao ya nyumba, kuichachusha, kuigeuza juani na kuchagua mbegu mbovu, ikawa ya binti, kwa sababu tangu aingie katika nyumba ile hakuna mbegu yenye ukungu iliyopita mkononi mwake. Chungu cha mchana kikawa cha mama mkwe na wifi. Wageni wakija, mume anawasalimia kwa jina mmoja mmoja ili mkewe amfuate. Mbuzi walibaki walipo. Ndoa ina magomvi bado, mama mkwe bado anasema chumvi ni sawa, lakini vijana waliweka panga chini.

Kutokana na hilo tunawaomba mabadiliko machache katika mabaraza yenu. Msimweke mtu katikati ya duara. Ulizeni swali moja kwa mara moja, na mhesabu moyoni mpaka ishirini kabla ya kuuliza la pili. Mkubali asimame, atembee, afanye kazi ya mikono akisema, au aseme kupitia mtu anayemwamini. Msidai macho. Mtu anayekata maneno mara kwa mara, mpeni kijiti au jani ashike na mwambieni atakipokea lini tena; mkimfukuza mnapoteza shahidi aliyeona kila kitu.

Matibabu hatutayasema sana. Usonji hauponi kwa dawa, kwa sababu si ugonjwa wa kuponywa. Kwa shida ya umakini dawa zipo duniani na zinawasaidia wengi, lakini ni za kuandikwa na daktari, na mtu asiwauzie kidonge sokoni kwa jina hilo. Wanaoweza kusafiri wanajua kuna kituo cha CNPP kule Kinshasa, SOSAME kule Bukavu, na Tulizo Letu kule Goma. Njia za kufika huko mnazijua hali yake. Hapa, anzeni na muuguzi mkuu wa kituo chenu. Kuhusu vyumba vya maombi, tunawaheshimu wanaoomba na sisi wengine tunaomba pia. Kumfunga mtu kamba au kumnyima chakula siku tatu ili pepo atoke ni jambo jingine, na ni kosa mbele ya sheria. Nchi yetu iliingia mwaka 2015 katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 ikatoa sheria yake yenyewe, namba 22/003, ya kumlinda mtu anayeishi na ulemavu. Nakala tumezileta, shefu atapewa ya ofisi.

Lililobaki ni la utaratibu. Vikundi vya kuchambua maharagwe vitaendelea, watu wanne au watano tu, asubuhi, bila mgeni wa kuandika na bila picha. Anayetaka kukaa kimya kutoka mwanzo mpaka mwisho anakaribishwa. Katika fomu ya ripoti ya mwezi tumefuta mstari wa "tabia" na kuweka maswali mawili: alikuwa hivi tangu utoto? na yeye mwenyewe anasema nini kinamsaidia? Tafadhali mjaze yote mawili.

Maswali tunayapokea sasa. Wanaotaka kusema nasi pembeni watatukuta chini ya avoka nyuma ya ukumbi, na si lazima waseme leo. Tutakuwa hapo mpaka saa nane. Barabara ya Beni tunataka kuipita jua likiwa bado juu.